Kabla ya kuagiza mvinyo 'mkavu', tumuulize mgema

Majuzi nilialikwa kwenye chakula cha jioni katika hoteli moja jijini Nairobi. Aliyenialika alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye wiki hiyo alikuwa ametetea tasnifu yake ya uzamifu. Tulikuwa watu sita mezani, wote walimu wa lugha, na tukakubaliana kwamba usiku huo ni Kiswahili tu, hakuna kuchanganya ndimi.

Mhudumu, kijana mtanashati, alituletea vijitabu viwili: kimoja cha vyakula, kingine cha vinywaji. Cha pili kilikuwa kinene kuliko cha kwanza. Aliposikia tunaongea Kiswahili, naye akatufuata humo humo. "Prof, mtachukua mvinyo? Mwekundu ama mweupe?" Nikamwambia mweupe. "Mkavu ama mtamu?"

Hapo ualimu ukanipanda kichwani. "Mwanangu," nikamuuliza, "kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu?" Meza nzima ikaangua kicheko. Kijana akatabasamu kidogo, akakitazama kijitabu chake, akasema, "Sijui, Prof. Ndivyo tulivyofunzwa." Kisha akasimama pale kimya akingoja tumalize kucheka.

Nilienda nyumbani na kimya kile. Kijana hakuwa na kosa. Alikuwa amelitafsiri neno la Kiingereza sisisi kwa sababu sisi tunaojiita wataalamu hatukumpa jingine. Zaidi ya miaka 30 nimefundisha isimu, na sikuwahi kumfundisha mtu yeyote namna ya kueleza kinywaji kilicho mbele yake. Lililoniuma zaidi ni kwamba jibu la swali nililomchekea nilikuwa nalo tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mgema.

Kabla sijaendelea, mpenzi msomaji, niweke wazi jambo moja. Makala haya hayamhimizi mtu kunywa. Wapo wasomaji wa ukumbi huu ambao dini zao zimewakataza, na wapo walioona kileo kikibomoa nyumba zao. Hata hivyo, asiyekunywa naye huketi mezani na wanaokunywa, na lugha yake ina haki ya kujua kilichomo katika bilauri ya jirani. Hebu basi tuifuate historia ya maneno haya, tuone yalifikaje kwetu.

Mojawapo ya maandishi ya kale zaidi kuhusu pwani yetu ni kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Mwandishi wake, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, anaorodhesha bidhaa zilizoletwa Azania, jina alilolitumia kwa upwa wetu: mikuki, mashoka, majambia na vitu vya kioo. Kisha anaongeza kwamba katika baadhi ya bandari wafanyabiashara walibeba mvinyo kidogo na ngano, si kwa ajili ya kuuza, bali kujipatia urafiki wa wenyeji. Kwa hivyo, maandishi ya kwanza yanayotaja mvinyo wa zabibu huku kwetu yanautaja kama takrima. Wakenya tunaojua "chai" ni nini hatuhitaji maelezo zaidi.

Neno "zabibu" lenyewe lina siri yake. Tumelitoa katika Kiarabu, na katika Kiarabu *zabib* ni tunda lililokaushwa, si tunda bichi la mzabibu. Tunda hilo halivumilii safari ndefu ya jahazi likiwa bichi. Likikauka, husafiri vizuri. Mswahili alilijua kwanza likiwa kavu, akalipa jina la ukavu wake, na baadaye alipouona mti akauita mzabibu. Hadi leo neno ni moja kwa vyote viwili.

Je, meza ya Mswahili ilikuwaje zamani hizo? Mnamo 1331 msafiri Ibn Battuta aliteremka Mogadishu, kisha akaendelea Mombasa hadi Kilwa. Akiwa Mogadishu aliandikiwa mlo ambao mtu wa Lamu au Mvita angeutambua hata leo: wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake paliwekwa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na ndimu za kuchachusha, tangawizi na maembe. Mvinyo haukuwepo, na hatungeutarajia katika nyumba ya Waislamu. Lakini tazama kazi ya zile ndimu. Samli ni nzito na hubaki ulimini. Kitu kichachu huikata, mdomo ukasafika, tonge linalofuata likawa na ladha kama la kwanza. Kanuni hiyo hiyo ndiyo anayoitumia Mfaransa anapokunywa mvinyo mweupe mchachu na samaki wa siagi. Sisi tulitumia achari na ukwaju, yeye alitumia bilauri.

Tusidhani pia kwamba Kiarabu kilituletea katazo tupu. Kilituletea maneno ya uchachushaji. Mzizi wa konsonanti tatu, kh-m-r, ndio uliozaa *khamr*, kile kileo kilichoharamishwa. Mzizi huo huo ndio asili ya hamira yetu, na ya mahamri tunayokula na mbaazi asubuhi. Unga unaoumuka na juisi inayotoa povu vinafanyiwa kazi na kiumbe yule yule mdogo. Mama apikaye mahamri Mombasa na mtengenezaji mvinyo wa Ufaransa wana ujuzi wa aina moja, ingawa hawataketi pamoja.

Na nani asiyemkumbuka Abunuwasi? Tuliosoma hekaya zake shuleni tunamjua kama mjanja aliyewazidi akili matajiri na wafalme. Wachache tuliambiwa kwamba nyuma ya mhusika huyu alikuwepo mtu wa kweli, Abu Nuwas, malenga wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, aliyesifika katika fasihi ya Kiarabu kwa mashairi ya mvinyo. Alipovuka bahari hadi kwetu alibaki na ujanja wake, bilauri akaiacha njiani.

Sasa tuje kwa "mvinyo". Vasco da Gama alitia nanga Malindi mnamo Aprili 1498. Wareno wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mwaka 1698 ikatekwa na Waomani baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu. Katika karne hizo mbili Kiswahili kiliokota maneno mengi kutoka kwa watu ambao wengi hawakuwapenda: bendera, leso, kasha, gereza. Lakini chunguza haya matatu: meza, kopo na mvinyo. La kwanza ni *mesa*, la pili ni *copo*, la tatu ni *vinho*. Kumbe usiku ule nilipokuwa nikimcheka kijana, nilikuwa nimeegemea neno la Kireno, nikitazama neno la Kireno, nikilitaja neno la Kireno! Hata mchezaji karata anayeangusha "kopa" anataja vikombe, kwani katika karata za Wareno wa kale alama hiyo ilikuwa picha ya vikombe vya kunywea.

Waswahili hawakulipokea neno hilo kikasuku. Walilipa kiambishi m-, likaingia ngeli ya U-I, pamoja na mti na mkate: mvinyo huu, mivinyo hii. Ndiyo maana tunasema "mvinyo mwekundu" na si "mvinyo nyekundu". Isitoshe, zamani neno lilikuwa na maana pana kuliko leo, kwani lilijumuisha hata vileo vikali vya kukenekwa. Kwa baharia na askari wa ngomeni, tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa.

"Divai" ina njia yake. Mnamo 1860 mapadri wa Kifaransa walifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion. Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaichukua kazi hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Kwao mvinyo ulikuwa kitu cha altare. Mfaransa anapotaka mvinyo mezani husema *du vin*, na katika Krioli ya Morisi maneno hayo mawili yameshikana yakawa moja, *diven*. Sikio la Mswahili likasikia "divai". Neno likaingia ngeli ya I-ZI, likaingia kanisani, na halikutoka tena. Biblia ya Union Version ya 1952, ambayo ni kazi ya Waprotestanti, inapoisimulia arusi ya Kana inatumia divai. Mgawanyo huo si kamili, kwani mvinyo nao umo katika Biblia. Hata hivyo, katika masikio ya wengi wetu, divai ni ya padri na mvinyo ni wa mtu mwingine.

Neno la tatu ni "waini", nalo ndilo utakalolisikia Nairobi leo: "Niletee waini nyekundu." Wapo wenzangu wanaolikunjia uso. Mimi silikunjii, kwa kuwa nalo ni ushahidi. Hoteli ya Stanley ilianzishwa mwaka 1902 na Norfolk ikafunguliwa mwaka 1904, na kumbi zao za kulia zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia humo akiwa amebeba sinia. Aliisikia waini ikiagizwa, akaimimina, akaosha bilauri. Kuinywa lilikuwa jambo jingine. Mkataba wa Brussels wa 1890, maarufu kwa kupambana na biashara ya watumwa, ulikuwa pia na sura nzima ya kuzuia vileo vikali visiuziwe Waafrika katika eneo kubwa la bara hili, toka nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini. Serikali ya kikoloni ikaendeleza ubaguzi huo kwa sheria zake. Vinywaji vya chupa vikawa vya bwana, na "pombe ya kienyeji" ikawa ya mtumishi, tena kwa kibali.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Kampuni ya Kenya Breweries iliundwa mwaka 1922. Inasimuliwa kwamba mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumkumbuka mnyama huyo. Basi Wazungu wakabandika picha ya tembo kwenye chupa bila kujua kwamba huku pwani tembo lilikuwa jina la kinywaji karne na karne kabla yao. Ukitaka kutofautisha, itazame ngeli: tembo huyu ana mkonga, tembo hili linatoka mnazini.

Tembo hilo ndilo lililonilea. Nilizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Kaloleni. Baba alipanda minazi alfajiri na jioni, kotama kiunoni, kibuyu begani. Alilifunga karara kabla halijachanua, akalikata ncha kwa wembamba wa ukucha, na utomvu ukaanza kudondoka. Kila siku alikata tena kidogo. Akikata sana, karara linakufa. Akikata kidogo mno, kidonda kinaziba. Utomvu huanza kuchachuka pale pale juu ya mti, kwa hivyo saa ya kuteremsha kibuyu ilikuwa ndiyo elimu yenyewe.

Wateja wa baba walikuwa na msamiati ambao leo, nikiufikiria, naona ulimshinda yule mhudumu na kijitabu chake. Mnazi wa asubuhi uliitwa mtamu, kwa kuwa sukari bado imo. Wa mchana na jioni uliitwa mkali, kwa kuwa sukari imekwisha kugeuka kileo. Ukilala sana ulichacha, na ukichacha kabisa ulikuwa siki, tukautia kwenye kachumbari. Walijua mnazi uliotiwa maji, na methali ikawaunga mkono: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huwa tunaifundisha methali hii kama onyo kuhusu majivuno. Isome upya. Inatuambia kwamba palikuwa na wanywaji waliojua kusifu, na hao hao walijua kubaini maji yalipoingia. Bila mwonjaji hodari, methali hiyo isingezaliwa.

Mnazi wenyewe haukuwa wa kulewea tu. Miongoni mwa Wamijikenda ulimiminwa chini kwa ajili ya koma, ulipelekwa katika posa, na ulinyweka watu walipouziana minazi au shamba, ili waliokunywa wawe mashahidi. Mwanaanthropolojia David Parkin aliwaandikia Wagiriama wa sehemu za kwetu kitabu kizima mwaka 1972, na ndani ya kichwa cha kitabu chake aliliweka neno mashahidi kando ya minazi na mvinyo wake. Alikuwa amewaelewa wazee wetu vizuri.

Nikiwa darasa la nne, askari wawili walikuja nyumbani. Kibali cha baba kilikuwa kimepitwa na wakati kwa siku chache. Wakamwaga vibuyu vyote uani, wakamfunga pingu, wakaenda naye. Alirudi baada ya siku mbili, hakusema lolote, na alfajiri iliyofuata akapanda mti. Miaka mitatu baadaye nilipojaza fomu ya kuingia shule ya upili, palikuwa na mstari ulioulizia kazi ya mzazi. Niliandika "mkulima". Mwalimu aliyekuwa akinisaidia alijua ukweli, akaniacha. Sijawahi kumwambia baba, na sasa hayupo.

Ndiyo maana nasema suala hili si la anasa. Mtu anayejua ni shamba gani la Ufaransa lilizaa mvinyo fulani tunamwita mtaalamu. Anayejua ni mnazi gani ulizaa kibuyu fulani tulimwita mlevi au muuza pombe haramu. Waliogemewa na waliopikiwa bara walipata yayo hayo: mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu, na marufuku hayo yakaondolewa na sheria ya vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la mbunge wa Naivasha wakati huo, John Mututho. Sikatai kwamba chang'aa chafu imeua na kupofusha watu. Ninachosema ni kwamba pamoja na sumu tulimwaga pia elimu, na elimu hiyo ilikuwa na maneno.

Turudi basi mezani, tuyajaribu maneno hayo. Mvinyo ambao Mwingereza anauita mkavu ni ule ambao sukari yake imekwisha kugeuka kileo. Hauna ukavu wowote. Kwa mgema huo ni mkali. Mvinyo mtamu ni ule ambao sukari imebakizwa ndani yake. Ni maneno yale yale mawili ya uani kwa baba.

Neno la pili ni ukakasi. Umewahi kula ndizi mbichi, au bibo ambalo halijaiva, ukahisi ulimi umekwaruzwa na mashavu yamevutwa ndani? Au chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi? Hiyo ndiyo sifa kuu ya mvinyo mwekundu. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa za zabibu, na humo ndimo ukakasi hutoka. Mweupe huchachushwa bila maganda. Sasa fikiria chai: ukitia maziwa, ukakasi unapungua, kwa kuwa unashikana na protini ya maziwa. Kwa sababu kama hiyo mvinyo mwekundu unapatana na nyama choma yenye mafuta. Nyama hufanya kazi ya maziwa. Lakini mvinyo huo ukiuambatanisha na samaki, mara nyingi mdomo unabaki na ladha ya chuma.

Neno la tatu ni uchachu. Ukiagiza samaki wa kupaka, mwenye tui zito, tafuta mvinyo mweupe wenye uchachu, ufanye kazi ya ndimu ya Ibn Battuta. Na kama pilipili imekolea, epuka wenye kileo kingi, maana kileo huchochea moto wa pilipili. Wenye utamu kidogo utaupoza.

Kisha kuna ile desturi inayowatisha wengi. Mhudumu anafungua chupa, anammiminia mwenyeji tone, watu wote wanamtazama. Wengi hudhani wanatahiniwa. Hapana. Huulizwi kama umeupenda. Unaulizwa kama umeharibika, kama umeanza kuwa siki au unanuka uvundo. Nusa kwanza, onja, itikia kwa kichwa, basi. Baba naye, kabla ya kumkabidhi mgeni mnazi, alionja yeye mwenyewe mbele yake.

Na kokteli je? Hapa Bahari ya Hindi ina sehemu yake. Kabla ya kokteli palikuwa na *punch*, kinywaji ambacho Waingereza walikichukua India katika karne ya 17. Wanaetimolojia wengi wanalihusisha jina hilo na *panch* ya Kihindi, yaani tano: kileo, sukari, ndimu, maji na viungo. Kileo chenyewe kilikuwa *araki*, kutoka neno la Kiarabu la jasho, kwa jinsi mvuke unavyotoka jasho katika chombo cha kukenekea. Hata "alkoholi" ni Kiarabu, *al-kuhl*, ule wanja wa macho. Na sharubati yetu ni ndugu ya sirapu anayoimimina mchanganyaji vinywaji, kwani zote zina mzizi wa kunywa.

Neno kokteli lilifafanuliwa katika gazeti la mji wa Hudson, Marekani, mwaka 1806: kileo kikali, sukari, maji, na tone la dawa chungu. Naam, dawa. Zile dawa chungu zilikuwa za tumbo, na maji ya toniki yalitiwa kwinini kwa ajili ya malaria. Ndiyo maana sishangai kwamba kokteli iliyoipa Nairobi sifa inaitwa Dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu, na asali iliyozungushwa kwenye kijiti. Ni binamu ya *caipirinha* ya Brazili, nchi inayosema Kireno. Mreno amerudi tena mezani, safari hii kupitia mlango wa nyuma.

Ila tahadhari. Utamu huficha ukali. Bilauri ya mvinyo ya mililita 150, yenye asilimia 13, ina takriban mililita 20 za kileo halisi. Kokteli yenye mililita 60 za kileo cha asilimia 40 ina mililita 24, na ulimi unasikia asali na ndimu tu. Kunywa maji katikati, kula, na funguo za gari mpe mwingine. Alkoblo haijali umekunywa mtamu au mkali.

Wiki mbili baadaye nilirudi katika hoteli ile na mke wangu. Nilimtafuta yule kijana. Nilimwambia, "Mwanangu, siku ile nilikukosea. Nilikucheka kwa kosa letu sisi walimu." Akaona haya, akasema, "Aah, Prof, yalipita hayo." Nikamweleza habari za mnazi, na kwamba badala ya mkavu aseme mkali.

Akafikiri kidogo. "Lakini Prof, nikimwambia mgeni huu ni mkali, si atadhani ni wa kulewesha haraka?"

Nilinyamaza. Alikuwa na hoja. Kwa mgema maana zote mbili zilikwenda pamoja, kwa kuwa mnazi ukipoteza utamu huzidi nguvu. Mezani hapa mvinyo usio na sukari si lazima uwe na kileo kingi. Tukazungumza, mke wangu akichangia, hadi tukaafikiana kwamba kwa sasa atasema "usio na utamu", na mkali litangoja hadi watu wazoee. Ukakasi lilimpendeza mara moja. Akalirudia mara mbili, akaliandika katika kijitabu chake cha kuchukulia maagizo, chini ya oda ya meza ya jirani.

Kisha akaniuliza nililitoa wapi. Nikamwambia, "Kwa baba yangu. Alikuwa mgema."